Nusu Inchi na Meli ya Ijumaa

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Mashati.
Jumapili, 23 Novemba.

Mpendwa mpwa wangu Kibogoyo,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, ila shikamoo yako itachukua wiki tatu njiani, na kwa umri huu sina subira ya kungoja heshima yangu ije kwa posta. Naichukua kabisa.

Hujambo lakini? Mgongo je, bado unakusumbua kwa kuwainua wazee wa watu kitandani? Wakileta ujeuri waambie nyumbani kwenu kuna mzee mmoja, kaka wa marehemu mama yako, ambaye hata mtoa roho amepita mlangoni mara mbili akaona bora aanze na wenye adabu. Na meno hayajambo? Nauliza kwa sababu jina hilo la Kibogoyo nilikupa mimi, ukiwa na miaka sita huna hata jino moja la mbele, umekaa chini ya meza yangu ya kukatia unatafuna nyuzi. Sasa una meno kamili na pasipoti, lakini kwangu hujakua.

Sisi hapa tunapumua. Goti langu la kushoto linalia kama mlango mkavu, la kulia linaitikia. Mkazamjomba wako ana afya ya kututosha sote wawili na sauti ya kuutosha mtaa. Binti yangu, dada yako, ni mzima wa mwili. Habari zake nitazifikia, ila sina haraka ya kuzifikia.

Katika barua yako uliniuliza: huko ulipo redio haina neno jingine ila ushuru, je, sisi kiwandani tumejiandaaje? Nimelisoma swali hilo mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimevua kofia. Tulijiandaa, Kibogoyo. Tulijiandaa mpaka tukajimaliza. Na katika kujiandaa huko kuna mwanamke mmoja, mkaguzi wetu, amefukuzwa kazi na kupewa barua chafu kwa kosa ambalo si lake. Kosa ni langu. Nakwambia mapema ili usisome kurasa zote hizi ukitafuta mwizi ni nani.

Sasa, mimi niliacha shule darasa la nne, baada ya mwalimu na mimi kukubaliana kwamba tumechoshana, kwa hiyo ugomvi huu nitakueleza kwa kiasi kilichoingia kichwani. Kuna Wakubwa wawili. Mmoja anatuuzia kitambaa. Mwingine, huyo unayekaa kwake, ananunua mashati yetu. Walikuwa wakiuziana na kuchekeana vizuri tu. Siku moja huyu akasema, bidhaa zako zikiingia kwangu nitazitoza kumi zaidi katika kila mia. Yule akasema, na mimi zako kumi na tano. Huyu ishirini. Yule ishirini na tano na matusi juu yake. Ni kama majirani wawili wanaopandishiana ukuta, huyu akiongeza tofali moja yule anaongeza mawili, na sisi tuliojenga katikati yao tukabaki kusimuliwa habari za jua.

Kisha wakaja na jipya. Shati hata likishonwa na sisi, kwa mikono yetu, maadamu kitambaa chake kimetoka kwa adui, basi nalo ni shati la adui. Nilimwambia Tajiri, yaani mwenye kiwanda: "Kwa hiyo mtu akila mkate wa ngano ya jirani, mtoto atakayemzaa ni wa jirani?" Tajiri hakucheka. Hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika, maana Tajiri huwa ananicheka hata nikipiga chafya.

Basi siku moja akasimama juu ya kigoda karibu na mashine za pasi akatupa habari. Mnunuzi ameandika. Mashati elfu kumi na moja tuliyokuwa tunayashona, yakipakiwa melini kabla ya mwezi wa kumi kwisha yatalipiwa ushuru wa zamani na yeye atayapokea. Yakichelewa hata siku moja, ushuru mpya, na yeye hayataki. Meli ya mwisho ya mwezi inaondoka Ijumaa saa sita mchana. "Hii ikienda," akasema Tajiri, "tutapata pumzi ya kutafuta kitambaa kwingine na mnunuzi mwingine. Isipokwenda, laini mbili za mashine kati ya tatu nitazizima." Binti yangu ni msimamizi wa laini ya pili, kama unavyojua. Nilimwangalia. Alikuwa anahesabu kitu kwa vidole nyuma ya mgongo.

Ungetuona tulivyojiandaa! Meza za chai zilitolewa nje, zikaingia mashine nne za kukodi. Watu walikula wamesimama kama punda. Hata mkazamjomba wako alijiandaa. Alisikia dukani kwamba kila kitu kitapanda, akanunua sabuni za kufulia mpaka sebuleni hapakaliki. Mgeni akija anakaa juu ya katoni, akiinuka ananukia vizuri nyuma. Nilimwambia mke wangu, Wakubwa wakigombana miaka kumi tutakuwa masikini wasafi kuliko wote duniani.

Sasa nikueleze juu ya kumi za Mzee. Ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki. Tangu enzi za baba yake Tajiri, oda ikishakwisha na kufungwa, katoni hazipakiwi mpaka mkataji mkuu achague mashati kumi kutoka katoni kumi na kuyapima mbele ya watu wote. Mkataji mkuu ni mimi. Mkaguzi anakuwa ameshapima mashati yote na kutia saini yake, hizi kumi ni za kumheshimu mzee tu. Watu wanazima mashine, wanakuja kusimama, mimi natoa futi yangu ya kitambaa shingoni, ile ya miaka ishirini na tisa, napima huku nikiwatania, wanacheka, tunafunga, tunapakia. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kukuta shati bovu. Mara nyingi hata sikuangalia namba, nilikuwa naangalia nani anacheka.

Jumatano ile, siku mbili kabla ya meli, niliangalia. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu binti yangu alikuwa amesimama mbele kabisa na macho mekundu ya usingizi, nikataka aone baba yake anafanya kazi. Nikapima mkono wa shati la kwanza. Karatasi ya oda inasema inchi ishirini na nne. Futi yangu ikasema ishirini na tatu na nusu. Nikapima la pili. Ishirini na tatu na nusu. La tatu, la nne, mpaka la kumi, yote mikono mifupi.

Mkaguzi akasogea. Ni mama wa makamo, mpole, ana miwani mizito kama vitako vya chupa, na mimi tangu siku ya kwanza nilimwita Bi Miwani, jina likamganda. Akasema: "Mzee, haya nimeyapima mwenyewe, moja moja. Yako sawa. Chukua futi yangu upime tena." Akanipa ile yake ya chuma, inayojikunja ndani ya kidude.

"Bi Miwani," nikasema, "hicho ni cha kupimia mabati. Shati halipigiwi misumari."

Watu wakacheka. Kibogoyo, kama wangenyamaza pale ningekichukua. Lakini walicheka, na mimi watu wakicheka unajua ninavyokuwa, kama gari lisilo na breki.

Akasema: "Lakini chuma hakivutiki, mzee wangu."

"Hata mimi sivutiki siku hizi," nikasema, "ndiyo maana mke wangu amekata tamaa."

Wakapiga makofi. Wa pasi walikaa chini kwa kucheka. Bi Miwani alisimama katikati yao na kidude chake mkononi, akapima shati moja mbele ya wote, akasema ishirini na nne, nikamwambia asogee dirishani kwenye mwanga, au aazime macho ya mtu. Mama Vifungo, yule wa mashine ya vifungo, akaleta yake, ya tatu, ili iamue, nayo kwa kuwa imezeeka nusu tu ya yangu, ikasema ishirini na tatu na robo tatu. Futi tatu, maneno matatu. Wakubwa huko wanagombania mamilioni, sisi tulikuwa tunagombania nusu inchi.

Tajiri alikuwa anatoka jasho. Miaka mingi nyuma tuliwahi kurudishiwa mzigo mzima kwa sababu ya kola, na baba yake nusura afe. Akamgeukia binti yangu, kwa sababu laini yake ndiyo iliyoshona mikono. "Wewe sema. Tufuate kipimo cha nani?"

Binti yangu hakufikiri. Akasema: "Cha baba."

Nilivimba, Kibogoyo. Nilivimba kama andazi.

Katoni zikafunguliwa zote. Ile mishono ya mwisho wa mkono ina akiba ya nusu inchi ndani, kwa hiyo kazi ilikuwa kufumua, kuachia akiba, kushona upya, kupiga pasi, kukunja, kurudisha. Mashati elfu kumi na moja, mikono elfu ishirini na mbili. Kontena lilikuwa limeegeshwa getini mdomo wazi. Ijumaa saa sita mchana tulikuwa hatujamaliza hata nusu, na yaliyofumuliwa na yasiyofumuliwa yalikuwa yamechanganyika sakafuni kama nguo za mnada. Dereva wa kontena aliangalia saa yake, akaufunga mlango wa kontena tupu polepole, bila kuubamiza, kama anavyofunga mtu aliyetoka kumwona mgonjwa. Akaondoka.

Jumamosi mnunuzi akaandika mstari mmoja tu. Tajiri alitusomea. Asanteni kwa ushirikiano wenu wa miaka yote.

Na sasa sikiliza aibu yenyewe. Hakuna aliyenilaumu mimi. Nilisifiwa! Watu walisema, afadhali mzee aliona, tungepeleka mashati mabovu na jina la kiwanda lingechafuka milele. Lawama yote ilimwendea Bi Miwani. Yeye ndiye aliyetia saini kwamba mashati ni sawa wakati si sawa. Angepima vizuri tangu mwanzo, walisema, tungerekebisha mapema na meli tungeiwahi. Wanawake aliokula nao miaka sita waliacha kumpa kiti. Nami nilikuwa nikipita nasema, "Bi Miwani, leo umeniona au nisogee?" Nilisema hivyo. Mara mbili.

Wiki ya pili, kazi ikiwa imepungua, mkazamjomba wako akanipangia shughuli za nyumbani. Kioo cha dirisha la chumbani kilikuwa kimepasuka siku nyingi. Nikapima fremu kwa futi yangu, nikaandika namba kwenye karatasi, nikampelekea fundi vioo pale barabarani. Jumamosi akaja kukipachika. Kikawa kidogo. Kinachezacheza ndani ya fremu kama jino lako la mwisho la utotoni.

Nikamrukia. Nikamwambia ama ni mwizi ama ni kipofu, achague moja, mawili hayamtoshi mtu mfupi kama yeye. Fundi vioo akaniacha nimalize, ni mtu mwenye subira, kazi ya vioo haitaki hasira. Kisha akachukua futi yake ya chuma akailaza sakafuni. "Lete yako, baba." Akailaza pembeni yake. Tukapiga magoti sote wawili. Mwanzoni zilikwenda pamoja. Zilipofika ishirini na nne ya chuma, yangu ilikuwa inasema ishirini na tatu na nusu.

"Mzee," akasema akicheka, "hii imevutika. Nguo hii. Umeivaa shingoni, umeifua, umeivuta, miaka mingapi? Futi yako imezeeka kuliko wewe."

Unanijua tangu utoto, umewahi kuniona nimekosa jibu? Nilibaki nimepiga magoti kwenye vumbi la kioo, fundi akaogopa, akaniuliza kama moyo unaniuma.

Mashati yalikuwa sawa, Kibogoyo. Yote. Nilikuwa nimeyakata mimi mwenyewe kwa karatasi ya kukatia, na karatasi haivutiki. Bi Miwani aliyapima sawa na akatia saini sawa. Sisi tukayafumua ili kuyaharibu, na meli ikaenda.

Mtu mwema angekimbia saa ileile na futi mkononi mpaka kwa Tajiri. Mimi nilingoja fundi aondoke, nikachukua mkasi, nikaikata vipande vipande, nikavitia jikoni kwenye moto chini ya sufuria ya maharage. Mke wangu akauliza harufu hiyo ni ya nini. Nikamwambia ni uzee.

Jumatatu sikusema. Jumanne sikusema. Jumatano Tajiri alitukusanya. Akasema laini ya pili na ya tatu zimezimwa kuanzia siku ile. Binti yangu alikuwa ameshajua, alikuwa ameshafunika mashine zake kwa mashuka yake mwenyewe kutoka nyumbani. Kisha Tajiri akasema mkaguzi ameachishwa kwa uzembe, na barua yake itasema hivyo. Kwa barua ya namna hiyo, mpwa wangu, hakuna kiwanda kitakachomfungulia mtu geti. Yeye hana mume, hana shamba, ana macho yale na kazi ile tu.

Nikanyanyuka. Nikasema: "Tajiri, ngoja. Bi Miwani hana kosa. Mashati yalikuwa sawa. Futi yangu ndiyo iliyokuwa imevutika."

Mmoja wa wale wa pasi akaanza. "Mzee Mkasi huyo! Leo kaja na mpya!" Wakapasuka wote. Nikasema naapa. Wakacheka zaidi. Nikasema muulizeni fundi vioo. "Hata fundi vioo yumo!" Mama Vifungo alikuwa anajifuta machozi na kanga, anasema basi baba, basi, mbavu zangu. Unajua walikuwa hawajacheka wiki mbili? Walikuwa wamefukuzwa kazi muda huohuo na walikuwa wanacheka, na wengine walikuwa hawacheki tena, wanalia, lakini ilitoka kwa mdomo uleule. Nikasema ileteni futi ya chuma tupime mashati. Wakasema hiyo futi unayosema imevutika iko wapi, tuione. Sikuwa nayo.

Nilimfuata Tajiri ofisini. Hakucheka, yeye. Alikuwa amechoka. Akaniambia: "Mzee, nipime mashati gani? Yamechanganyika, mengine mafupi mengine marefu, hata nikipima nitapata chochote ninachotaka. Wewe umekuwa hapa tangu baba. Najua unamhurumia yule mama, una roho nzuri. Lakini kwenye karatasi iko saini yake. Yako haipo popote." Ni kweli. Miaka yote hiyo sijawahi kutia saini kitu pale. Akanipa mkono. Roho nzuri! Heri angenitemea mate.

Njiani kurudi nyumbani binti yangu alitembea nami. Yeye peke yake hakucheka mle ndani, nilimwona. Tulipofika kwenye duka la mkate akauliza: "Baba, futi yako iko wapi?" Nikamwambia nimeichoma. Akasimama kidogo, kama anayetafuta kitu alichodondosha, kisha akatangulia. Tangu hapo asubuhi ananiamkia, jioni ananiambia chakula tayari. Adabu yake haijapungua hata punje. Ndiyo inayoniua.

Alhamisi nilikwenda kwa Bi Miwani. Anakaa chumba kimoja nyuma ya fundi baiskeli. Alikuwa anafunga vyombo kwa magazeti, kwa kuwa kodi imemshinda anahamia kwa kaka yake mbali. Alinipa kiti kilichokuwa kimebaki, yeye akakaa juu ya ndoo. Nikamweleza yote, fundi vioo, jiko, maharage. Nilimweleza bila hata mzaha mmoja, ilikuwa kama kutembea bila fimbo.

Aliniamini. Yeye pekee katika watu wote. Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa nguo, na ilikuwa mipya, fremu nyingine. Akasema: "Mzee, nilikwenda kupimwa macho. Mlipokuwa mnacheka nikasema labda kweli. Wiki mbili nikipima meza, nikipima kitanda, nikipima mlango, kila kitu nakipima, nikidhani nimekuwa kipofu. Nimenunua hii." Kisha akauliza kama futi ile imebaki hata kipande. Nikasema hapana.

"Ungeniletea Jumamosi ile," akasema, "ningekwenda nayo kwa Tajiri mwenyewe. Ungekaa nyumbani tu, nisingekutaja hata kwa ubaya. Leo umeniletea maneno."

Nikamwomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na mimi sikuwa na uso wa kumuuliza tofauti yake. Nikataka kumsaidia kufunga vikombe, akasema: "Acha mzee, utavunja." Nikaenda zangu. Ijumaa aliondoka.

Sasa nikupe ya jana, uone jinsi Mungu anavyojua kutania kuliko mimi. Jana mchana tulikuwa tumekaa sebuleni juu ya sabuni, sote watatu, redio imewashwa. Mtangazaji akasema wale Wakubwa wawili wamekutana. Wamekula pamoja, wamepeana mikono, wamekubaliana ushuru mpya usimame kwanza kwa siku tisini, na mizigo yote iliyopakiwa mwezi huu ihesabiwe kwa ushuru wa zamani. Akaisoma kwa furaha, kisha akaweka muziki.

Kwa hiyo tungeweza kupakia Ijumaa iliyofuata. Tungeweza kupakia hata jana. Tungefumua mashati yote na kuyashona upya mara mbili kwa nafasi, huku tukinywa chai kwenye meza zetu. Mama Vifungo alikimbilia kwa Tajiri, akakuta mnunuzi ameshanunua kwingine.

Usinitumie kitu, Kibogoyo. Najua ukisoma hapa utaanza kutafuta bahasha. Usitume. Sijaandika kwa ajili hiyo. Nimeandika kwa sababu nimekiambia kiwanda kizima wakacheka, nimemwambia Tajiri akanisifu, na aliyeamini amehama. Nilitaka pawe na ndugu mmoja wa damu yangu anayejua mimi nilifanya nini.

Mkazamjomba wako anakusalimu sana, anauliza kama huko sabuni zinahitajika. Mama Vifungo anakusalimu. Nisalimie mkwe wangu, mwambie bado sijamsamehe kwa kukupeleka mbali, ingawa siku hizi sioni kama nina ruhusa ya kutomsamehe mtu. Wabusu wajukuu zangu wote wawili. Mungu akuhifadhi huko ugenini, aunyooshe mgongo wako, akupe wazee watulivu wanaokufa wakiwa wamemaliza maneno yao yote.

Dada yako hajasema nikuandikie salamu, ila najua anakupenda. Redio ilipomaliza habari ile jana aliinuka akaizima. Akasimama pale na mkono juu ya redio, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya duka la mkate akaniambia neno lisilo la chakula wala la kuamkia. Akauliza: "Sasa yule mama, nani atamwambia habari hii?"

Nikasema: "Nitamfuata mimi huko kwa kaka yake. Nitamwambia."

"Si wewe, baba," akasema. "Wewe ukisema, watu wanacheka."

Wako akupendaye, hata kama hafai kupendwa,

Mjomba wako,
Mzee Mkasi.